Kwa nini pingili za mpungate zinaoza Lamu, na namna ya kuzishikisha

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mkomani, Lamu. Juu ya dari yetu kuna mpungate (kaktasi) wa nguzo ambao marehemu mama aliupanda kwenye chungu nikiwa mdogo. Sasa umenipita kimo na umeanza kuinama. Mwezi wa tano nilikata pingili tatu, nikazichomeka siku ile ile kwenye mchanga nilioletewa kutoka Shela, nikawa nazimwagilia kila asubuhi. Mbili zimeoza chini zikanuka. Ya tatu imelainika chini lakini juu bado ni kijani. Dada zangu wawili, mmoja Malindi na mwingine Mombasa, wanataka kila mmoja awe na mti wa mama. Nimekosea wapi? Na kwa nini mti huu unachanua usiku kila mwaka lakini haujawahi kuzaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mama, na pole kwa pingili mbili zilizokwenda. Kabla hujasoma mengine, ile ya tatu ishughulikie leo hii. Ing'oe, ikung'ute mchanga, ilaze juu ya gazeti. Chukua kisu kikali cha jikoni, kipanguse kwa spiriti, kisha katilia mbali sehemu yote iliyolainika pamoja na vidole viwili vya sehemu ngumu iliyo juu yake. Tazama uso wa mkato. Katikati utaona duara la mishipa, na ndani na nje yake nyama ya kijani iliyopauka au nyeupe. Ukiona doa lolote la rangi ya chungwa au kahawia, hasa kwenye lile duara, uozo bado umo ndani hata kama ngozi ya nje ni ngumu na inang'aa. Pangusa kisu tena kwa spiriti, kata kipande chembamba kingine, tazama tena. Endelea hivyo mpaka uso wote uwe safi. Usiuonee huruma urefu: pingili safi ya shubiri moja itashika, lakini ya dhiraa nzima yenye doa moja itaoza yote. Na kisu kipanguswe kila mkato bila kukosa, maana ndicho kinachobeba ugonjwa kutoka chini kwenda juu. Ukishapata uso safi, iweke kavu kivulini kwa namna nitakayoeleza hapa chini, wala usiirudishe mchangani kwa sasa.

Tuje kwenye sababu. Pingili zako zimeuawa na maji, na zilianza kufa asubuhi ile ya kwanza. Pingili ya mpungate inapokatwa haina mizizi, kwa hiyo maji unayoimwagia haiyanywi. Yanabaki kuzunguka kidonda kibichi chenye sukari na utelezi, na humo ndimo kuvu na bakteria za udongoni zinapoingilia. Wala haikuwa na shida ya maji. Shina la mpungate ni kama jahazi lililotweka na mapipa yake ya maji: lina akiba ya kulitosha safari ndefu bila kutia nanga popote. Ngozi yake ina nta, na vitundu vyake vya kupumulia hufungwa mchana na kufunguliwa usiku kukiwa na ubaridi, ndiyo maana maji hayapotei. Nguzo nene inaweza kukaa miezi kadhaa kivulini bila tone la maji na bado ikatoa mizizi. Mwenye kuzoea kupanda mihogo au kisamvu huona vigumu kuamini hili, kwa sababu pingili ya muhogo hutaka kuwahi udongo. Huu ni mti wa namna nyingine, nao unataka kwanza kidonda kizibe. Mengine yote nitakayokuandikia yanatoka kwenye jambo hilo moja.

Kuna uhakika mmoja ninaoutaka kwako kabla hujakata tena. Chuna kidogo ukingo wa mti kwa ncha ya kisu, utazame kinachotoka. Likitoka tone jeupe la maziwa, huo si mpungate. Ni wa jamii ya mnyaa, yaani eforbia, ambazo Afrika Mashariki inazo nyingi za asili, na baadhi yake zina mbavu na miiba na kimo cha nyumba. Watu wengi, na hata wauza miche, huziita zote kaktasi. Mpungate wa kweli una asili ya bara la Amerika. Katika spishi zaidi ya 1,500 za ukoo huo ni moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe Afrika na Sri Lanka, nayo ni uzi mwembamba unaoning'inia kwenye miti, haifanani kabisa na nguzo. Kwenye mpungate wa nguzo utaona kando ya kila ubavu vidoa vidogo vyenye manyoya, na miiba hutoka humo kwa mafungu. Eforbia haina vidoa hivyo vya manyoya, na miiba yake mara nyingi hukaa miwili miwili. Nalisisitiza kwa sababu utomvu wa eforbia huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali bila kungoja uone kama itapoa. Pingili ya eforbia nayo hukaushwa kabla ya kupandwa, ila kwanza huchovywa au kumwagiwa maji mpaka maziwa yakome.

Kwa jinsi ulivyoueleza, mti mrefu wenye maua ya usiku, naamini wa mama ni Cereus, jamii inayopandwa zaidi majumbani katika nchi za joto. Una bahati, kwa sababu Cereus ni miongoni mwa nguzo rahisi kushikisha. Meksiko kuna nguzo nyingine, Pachycereus marginatus, ambayo watu hukata mashina yake na kuyapanga mstari, yakawa ua wa boma. Si zote zilivyo hivyo. Saguaro, ile nguzo kubwa yenye mikono ya jangwa la Sonora unayoiona kwenye sinema za Marekani, haishiki vizuri kwa pingili, huoteshwa kwa mbegu, na mkono wake wa kwanza huweza kungoja miaka 50 hadi 75. Mtu akikuuzia kipande cha saguaro akakuambia kitashika, usimpe pesa yako.

Sasa majira. Mwezi wa tano, kwa Lamu na Malindi, ndio mbaya kuliko yote. Mvua za masika huwa katika kilele chake, hewa imebeba maji usiku na mchana, na kidonda hakipati hata siku moja ya kukauka sawasawa. Watu wa Arizona au Ulaya wakiandika kwamba pingili ikaushwe wiki moja, wanasema kweli kwa hewa yao. Hewa yetu ni nyingine. Joto si tatizo letu, kwa sababu hapa nadra usiku kushuka chini ya nyuzi 20, na udongo una joto la kutosha kutoa mizizi mwaka mzima. Tunachokitafuta kwenye kalenda ni ukavu, nao tunaupata mara mbili: Agosti na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijafika, na Januari hadi mwanzo wa Machi wakati wa kaskazi. Mimi hupenda zaidi Januari, kwa sababu kaskazi hukausha vizuri na mti mama una muda mrefu wa kupona kabla ya masika. Lakini mti wako umeshainama, kwa hiyo usingoje hadi mwakani. Kata mwisho wa Agosti, chagua siku ambayo haijanyesha kwa siku kadhaa, na usimwagilie mti mama wiki mbili kabla. Shina lililojaa maji hupona polepole.

Siku ya kukata, tandika gunia sakafuni na uwe na mtu wa pili. Nguzo ya kimo chako ni nzito kuliko inavyoonekana, na ikianguka itajipasua yenyewe au itamuumiza aliye chini yake. Vaa glavu nene, ishike kwa gazeti lililokunjwa mara nyingi au kipande cha zulia kuukuu. Kitambaa cha kawaida miiba hupenya. Kata mahali penye shina la kijani lililo gumu, si kwenye sehemu ya chini iliyogeuka gome la kahawia. Gome hilo si ugonjwa, ni uzee, lakini hutoa mizizi kwa uvivu. Acha chini kisiki cha nusu mita au zaidi. Mkato wa kisiki uwe wa mshazari ili mvua iteleze isituame juu yake, na ukaushe kwa unga wa mdalasini au wa salfa, ile salfa wanayoitumia wakulima wa korosho. Kisiki kitachipua pembeni chini ya mkato, pengine vichwa viwili au vitatu, na vyote hivyo ni pingili zako za miaka ijayo.

Pingili yenyewe iwe ya sentimita 30 hadi 45. Ndefu kuliko hiyo huyumba kwa upepo wa darini, na kila ikiyumba hukata mizizi michanga. Nguzo ya mama inaweza kukupa tatu, na hapo pana jambo la kujua kabla hujawagawia dada zako. Pingili ya juu yenye kilele itaendelea kupanda moja kwa moja kuwa nguzo nzuri. Za katikati hazina kilele, zitachipua pembeni karibu na juu na kuwa mti wenye matawi. Zote zitaishi, lakini hazitafanana, basi semezaneni mapema nani anachukua ipi. Mara tu unapokata, andika kwa kalamu ya wino mzito mshale unaoelekea juu kwenye kila moja. Pingili za katikati hazitofautiani kwa macho, na ukipanda juu chini hazitakuwa mti wa maana.

Kisha chonga ukingo. Hatua hii wengi huiruka nami siikubali iachwe. Uso wa mkato ukikauka, nyama laini hunywea kuingia ndani, na ngozi ngumu yenye nta inabaki imetokeza pande zote. Mizizi hutoka kwenye lile duara la mishipa lililo katikati. Ikiwa ukingo umetokeza, mizizi itakuwa inaning'inia ndani ya shimo lenye hewa, haigusi udongo, na maji yatatuama humo. Kwa hiyo chonga mbavu kwa mshazari kuzunguka mkato wote, upana wa kidole kimoja hivi, hadi duara la katikati ndilo liwe sehemu iliyo chini kabisa. Paka unga wa mdalasini au salfa kwenye sehemu yote iliyo wazi. Homoni ya mizizi ya dukani si lazima kwa Cereus, ukiwa nayo paka kidogo kwenye duara peke yake.

Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, nayo ni kutofanya kitu. Darini kwako naamini kuna upande uliofunikwa makuti. Chini ya makuti kuna kivuli na upepo kwa pamoja, na hapo ndipo pingili zinapotaka kukaa. Usizilaze. Shina lililolazwa wiki nyingi huanza kupinda kutafuta juu, na huweza kutoa mizizi ubavuni badala ya chini. Zisimamishe ndani ya chungu kitupu au kikapu cha ukili, uso wa mkato usiguse kitu kinachoshika unyevu, na chini yake upepo upite. Geuza mkato usielekee upepo wa baharini. Chumvi inayobebwa na kusi ikitua kwenye kidonda huvuta unyevu wa hewa usiku, na asubuhi utakuta uso umelowa bila mvua kunyesha. Kama nyumba yenu iko mstari wa mbele karibu na gati, zishushe kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, mradi hewa inapita.

Mpaka lini? Usihesabu siku, gusa. Pingili ya unene wa kifundo cha mkono, Agosti, itataka wiki tatu. Ya unene wa paja la mtu mzima huenda wiki sita au zaidi. Uso uwe mgumu, mkavu, wa rangi ya mchanga au kijivu, na ukiubonyeza kwa ukucha usiache alama wala usisikie ubaridi wa maji. Ukiwa na shaka, ngoja wiki nyingine. Sijapata kuona pingili nene iliyoharibika kwa kungojwa wiki moja ya ziada kivulini, bali zilizoharakishwa naletewa kitaluni kila masika zikiwa zimegeuka uji. Mara nyingine utakuta zimeanza kutoa mizizi hewani, vinundu vidogo vyeupe au vya waridi kwenye duara. Hiyo ni ishara njema kuliko zote, na ndipo uzipande mara moja.

Kuhusu mchanga wa Shela, nakuomba usiutumie tena, kwa sababu mbili. Mchanga wa pwani una chumvi, na una vipande vya kombe na matumbawe ambavyo ni chokaa tupu. Chokaa hufanya udongo uwe na alkali nyingi, mti ukashindwa kupata madini ya chuma hata yakiwepo, na kilele kikawa cha manjano. Tena ni chembe ndogo sana, zikilowa hushikana na kuziba hewa. Sababu ya pili ni ya mji wenyewe: vilima vile vya Shela ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya visima vinavyoihudumia Lamu. Kila anayechota debe la mchanga pale anapunguza chujio la maji yake mwenyewe.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa Pwani ni huu: nusu yake iwe kitu kigumu chenye matundu, nusu ya pili igawanywe kati ya udongo na mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Kile kigumu, wa bara hutumia pumisi, yale mawe mepesi ya volkano ya pande za Naivasha na Longonot. Ukipata mfuko wake Malindi au Mombasa, nunua. Usipopata, ponda vigae vya vyungu au matofali mekundu ya kuchoma yawe na ukubwa wa punje za mahindi na mbaazi, uchekeche kuondoa vumbi. Usitumie kifusi cha nyumba za mawe, kwa kuwa Lamu kifusi ni matumbawe na chokaa, tumerudi kule kule. Udongo mwekundu wa pande za Magarini na Marafa unafaa. Konzi moja ya chenga za mkaa husaidia kuweka hewa. Samadi ya punda usiitie hata kidogo wakati huu. Mjini imejaa na ni ya bure, najua, lakini pingili isiyo na mizizi haiwezi kuila, na kuvu wataipenda sana. Mwaka wa pili, mti ukishakua, konzi moja ya samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu inatosha.

Chungu kiwe cha udongo wa kuchomwa kikipatikana, chenye tundu chini, kikubwa kuliko pingili kwa vidole vitatu kila upande, si zaidi. Chungu kikubwa mno hubaki na unyevu ambao hauna mnywaji. Panda kina cha sentimita tano hadi nane tu. Utaona pingili haisimami, na utashawishika kuizamisha zaidi. Usifanye hivyo, ifungie vijiti vitatu na kamba, au izungushie mawe juu ya udongo. Udongo wakati wa kupanda uwe mkavu, au na unyevu kidogo mno usiolowesha mkono.

Kisha ngoja tena wiki mbili bila maji. Baada ya hapo mpe kiasi cha kikombe cha chai, jioni, kuzunguka ukingo wa chungu, uache mpaka pakauke hadi chini. Kujua kama pamekauka, chomeka kijiti cha mshikaki hadi mwisho, kikae dakika chache, ukichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda, bado. Maji yawe ya mvua kama mna birika la kuyahifadhi, au ya bomba yaliyo matamu. Visima vingi vya mjini vina magadi, na chumvi ikijilimbikiza chunguni hakuna kitu cha kuiondoa isipokuwa maji matamu mengi yanayopita na kutoka chini. Watu wa visiwani waliochimba majabia kuvuna mvua wamekuwa na maji bora ya mipungate bila kukusudia.

Namna ya kujua kama imeshika: baada ya mwezi au miwili ishike kwa gazeti, uivute juu polepole. Ikikataa, ina mizizi. Kuchipua pekee kusikudanganye, kwa sababu pingili huweza kusukuma kilele kipya kwa akiba yake yenyewe huku chini hakuna hata uzi. Dalili ninayoiamini zaidi ni kujaa: mbavu zilizokuwa zimenywea zikaanza kutanuka siku chache baada ya kumwagiliwa. Ukiona hivyo, sasa mwagilia sawasawa mpaka maji yatoke kwenye tundu, halafu uache pakauke. Kiangazi hiyo ni kama mara moja kwa wiki au kwa siku kumi, na masika vyungu viingie chini ya makuti kabisa.

Jua vilevile lina adabu yake. Pingili iliyokaa kivulini wiki sita ikitolewa ghafla kwenye dari nyeupe ya Lamu saa saba mchana huungua, na kovu lake haliondoki. Anza na jua la asubuhi kwa saa mbili tatu, uongeze polepole kwa mwezi. Vitabu vya nchi za baridi husema weka alama upande wa kusini wa shina ili ukilihamisha ulielekeze vile vile. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, kisha huhamia kusini. Kwetu alama ya maana ni ya magharibi, ubavu uliozoea kupigwa na jua kali la alasiri. Huo weka alama, na huo ndio uuelekeze magharibi tena.

Kuinama kwa mti mama kuna sababu mbili za kawaida: mwanga kutoka upande mmoja, au mizizi kujaa chunguni na nguzo kuzidi uzito wa chungu. Ukishaupunguza kimo, uzungushe robo duara kila mwezi, na Januari uutie chungu kipana kizito. Kagua pia vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe wanaojificha kati ya mbavu na kwenye mizizi, maana huonekana wakati wa kubadili chungu. Pamba yenye spiriti inawamaliza.

Sasa tunda. Cereus kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe. Ua moja kwa jingine la mti huo huo haisaidii kitu, wala hautasaidiwa na pingili utakazowapa dada zako, kwa sababu pingili ni mti ule ule katika chungu kingine. Hata mkipanda ishirini, mna mti mmoja. Unahitaji Cereus aliyetokana na mbegu nyingine, na mchavushaji. Kwao Amerika kazi hiyo hufanywa na popo na nondo wakubwa. Hapa usiwategemee, ifanye kwa mkono. Ua hufunguka giza likiingia na kunyauka jua likipanda, usiku mmoja tu, basi uliza majirani na watu wa Malindi nani ana mti uliotoka kwingine, mkubaliane kupigiana simu machipukizi ya maua yakivimba. Saa tatu usiku hadi kabla ya alfajiri, chukua chavua ya ua lao kwa brashi laini kavu, uipake kwenye ile ncha ya katikati ya ua lako yenye vidole vidogo vidogo. Likishika, utaona kitako cha ua kinabaki kijani na kuvimba badala ya kuanguka baada ya siku chache. Tunda lake huliwa, nyama nyeupe yenye mbegu nyeusi, tamu ya upole. Mbegu hizo ukizinyunyiza juu ya mchanga laini wenye unyevu bila kuzifukia, ukafunika chungu kwa karatasi ya plastiki angavu kivulini, huota kwa wiki moja hadi tatu. Lakini mche wa mbegu hautakuwa mti wa mama, utakuwa mtoto wake, na mwaka wa kwanza utabaki mdogo sana.

Dada zako watumie pingili zilizokauka ambazo hazijapandwa. Ndizo zinazosafiri vizuri kuliko mche wenye chungu. Zifunge kwa gazeti matabaka kadhaa, uzitie kwenye boksi lenye matundu, kamwe si mfuko wa plastiki, zivuke kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Malindi na Mombasa. Hata wakichelewa kuzipokea wiki mbili hazina neno. Usiwatumie mtu yeyote nje ya nchi kwa njia hiyo, wala usikubali kuletewa: mipungate karibu yote imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mmea unaoingia Kenya hutaka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

Mabaki nayo yana hukumu yake. Vipande vilivyooza na vizima usivitupe ufukweni, wala vilimani Shela, wala nyuma ya shamba. Kipande cha kiganja kikianguka mchangani wakati wa kiangazi kitaota bila msaada wa mtu. Laikipia wanahangaika hadi leo na mpungate wa Opuntia stricta ulioteka malisho ya mifugo, na Afrika Kusini ndugu wa mti wako, Cereus jamacaru, ni gugu lililopigwa marufuku. Vikate vidogo vidogo, vianike juani darini juu ya bati mpaka vikauke kabisa viwe vyepesi, kisha uvichome.